Juzuu Iliyokuwa Ikibaki

Mpendwa shangazi,

Siwezi kukuuliza hujambo, maana mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliokukosha siku ya maziko yako. Basi nianze na swali jingine, lile nililokaa nalo tangu mwaka wangu wa kwanza hapa Maskati, na kila nilipotaka kukuuliza ulinipachika kazi ya kumenya vitunguu saumu. Ile juzuu iliyokuwa ikibaki kila mara, ilikuwa juzuu gani?

Nakuandikia nikiwa saluni, Al Khoudh. Wanafunzi wa chuo kikuu wana mitihani, kwa hiyo leo hakuna anayetaka kupakwa piko mikononi wala kupigwa pasi nywele, na mimi nimekaa kwenye kiti cha wateja kama mwenye mali. Mbele yangu kuna chai ya maziwa na vitumbua alivyonipa Zuhura jana. Wewe ungesema havina hiliki ya kutosha, kisha ungevila vyote. Nilishajaribu kukuandikia kwenye simu nikaishia kufuta, kwa sababu picha yako ya kanga ya buluu bado ipo pale juu, unanitazama kwa lile jicho lako la "haya, sema basi". Nimeona bora karatasi. Nikimaliza nitawasomea wenzetu wote, na wewe usinune.

Unakumbuka nilivyofika? Ulikuja kunipokea uwanja wa ndege pamoja na Bi Thuraya, yule bibi uliyekuwa ukimpikia na kumtunza kule Ansab. Mwomani wa kuzaliwa Unguja, mjane, mwenye Kiswahili kitamu kuliko chetu cha Tanga, ingawa sisi hatukukubali kamwe mbele yake. Ulimwambia abaki nyumbani, jua kali. Akakataa. "Mtoto wa Mwanahawa hapokewi na dereva na mimi nipo hai," alisema, kisha akanishika kidevu, akanigeuza kulia na kushoto. "Mbona mwembamba hivi? Kwani Tanga siku hizi hamli?" Ukacheka mpaka ukaegemea toroli la mizigo. Nilikuchukia kidogo siku ile, na nilikupenda sana.

Kisha ukaniacha kwenye chumba cha wafanyakazi wa saluni, ukarudi kwako Ansab, na mimi nikanuna. Sikuwa namjua mtu. Wateja walinisemesha Kiarabu, nikawajibu kwa tabasamu. Wewe ukipiga simu, nilijibu ndiyo na hapana. Hukunibembeleza hata kidogo. Siku moja baada ya alasiri ukanipigia ukauliza, "We mtoto, msahafu bado unasoma au umeshasahau?"

"Nasoma, shangazi."

"Vizuri. Kuna marehemu tunamsomea khitma. Tumebakiwa na juzuu moja, haina mtu. Ni Juzuu Amma, zile sura fupi fupi za watoto wa madrasa. Hata wewe utaiweza."

Niliisoma kwa hasira, kukuonyesha. Nilipomaliza nikafanya ulivyoniagiza, nikatuma sauti kwenye kundi la simu: "Juzuu ya thelathini, tayari." Nilitegemea kimya. Badala yake simu ikaanza kulia mfululizo, sauti za wanawake nisiowajua, moja ina maji ya bomba yanayomwagika nyuma yake, nyingine ina mtoto anayedai juisi kwa Kiarabu. "Mashaallah, karibu, Juzuu ya Thelathini." "Karibu mdogo wetu." "Una sauti nzuri, we wa wapi?" Niliiweka ile simu mapajani, nikalia. Kwa mara ya kwanza mji huu ulikuwa na watu wanaojua kwamba nipo.

Nimekuwa nikiwaza ni wapi ulipata akili ile. Kwetu khitma ni jambo la mkekani. Watu wanakaa, wanagawana juzuu thelathini, kila mtu anasoma yake, msahafu unakamilika kwa kikao kimoja na marehemu anaombewa. Kisha unakuja ubwabwa. Hapa mkeka wa kutukalisha pamoja haupo. Mmoja yuko Ansab, mwingine Mawaleh, mwingine nyumba ambayo hata yeye hajui mtaa wake unaitwaje kwa sababu tangu aletwe hajatoka peke yake. Wewe ukasema mkeka utakuwa simu. Kila mtu asome jikoni kwake, vyombo vikishakauka, akimaliza ataje namba ya juzuu yake na neno tayari. Jina hapana. "Jina la nini? Mungu anatujua," ulisema. Nilidhani ni ucha Mungu tu. Baadaye nikaelewa kuwa wapo waliokuwa hawataki simu zao zikutwe na majina, na wewe ulikuwa umeshalifikiria hilo kabla yetu sote.

Na ule mpango wa wenza! Kwa sababu sisi ni wanawake, na mwanamke ana siku zake ambazo hashiki msahafu, kila msomaji ulimpa mwenza wake. Mmoja akiwa hayuko twahara, anamtumia mwenzake neno, naye anasoma zote mbili bila maswali. Wanaume wa khitma wasingeweza kuubuni mpango huo hata wakikaa mwaka mzima. Mimi mwenza wangu alikuwa Zuhura, Juzuu ya Ishirini na Tisa, binti wa Kondoa aliyekuwa akifanya kazi Mawaleh. Nilijua siku zake kuliko ninavyojua za dada yangu, na sikuwa nimewahi kumwona sura.

Nilikuuliza siku moja, tumekaa jikoni kwa Bi Thuraya, "Shangazi, hawa marehemu wote unawatoa wapi?"

Ukaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, watu wanakufa kila siku. Unataka nikupeleke makaburini ukahakikishe?"

Sikuendelea. Lakini udadisi haukuniisha, na kila mara nilisikia kwenye kundi ukimkaribisha mtu mpya, ambaye naye alikuwa ameokoa juzuu iliyobaki.

Halafu ikaja ile Salalah. Unajua ninayoisema. Wenye nyumba ya Zuhura walisafiri kwenda Salalah kuona mvua na ukungu kama wafanyavyo watu wa hapa kila msimu, wakamwacha na bibi yao mzee ambaye masikio yameshachoka. Tukawa na khitma, juzuu zote zikataja tayari, ya ishirini na tisa kimya. Nikamtumia neno la wenza, kimya. Nikakupigia wewe. Hukusema "labda amelala". Ulisema, "Zuhura hawezi kumwacha maiti njiani," ukakata simu.

Ukaipigia jumuiya yetu, ile ya watu wa kwetu hapa, kwa sababu mtu akipata shida simu inayopokelewa ubalozini ni ile ya jumuiya. Kijana aliyepokea alikuwa mpole, hilo ulilisema daima. Akauliza, "Huyo dada ni mwanachama?" Akatafuta. Hayumo. Akakuambia kwa upole uleule kuwa atajaribu, lakini asiyeandikishwa ni vigumu kumsemea. Ukamrudia Bi Thuraya. Hakuna ukoo Maskati ambao Bi Thuraya hana mtu ndani yake. Alivaa miwani, akauliza jina la baba mwenye nyumba, jina la babu, na alikooa, akawa anapiga simu huku akiamkiana na watu kwa kirefu, mpaka wewe ukawa unamvuta upindo wa nguo. Jioni ile Zuhura alikuwa hospitali, ametolewa kidole tumbo. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu yangekuwa mengine.

Mimi nilishukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Wewe ndipo ulipoanza. Nakuona sasa hivi, unachambua mchele na huangalii mchele. "Yule kijana hakukosea," ulisema. "Kauliza kama mwanachama, na kweli si mwanachama. Mimi nataka kujua uanachama wanauandika lini."

"Mkutano mkuu, Ijumaa," nikakuambia. Niliwahi kwenda na mwenye saluni.

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

Ukaweka ungo chini. Bi Thuraya naye akaacha kuhesabu tasbihi yake. Ijumaa saa nane! Ijumaa ndiyo siku ambayo watoto wote wa nyumba, na wake zao, na wajukuu, wanarudi kwa bibi kula. Sinia kubwa za wali zinashuka baada ya swala, na saa nane ndipo zinapopanda kurudi jikoni. Kwa watu wa maofisini Ijumaa ni mapumziko. Kwa mfanyakazi wa ndani ndiyo siku anayoichukia kuliko zote saba. Mkutano wa kuandika wanachama na kuchagua viongozi ulikuwa umewekwa saa ileile ambayo wanawake wetu wana mikono ndani ya povu, na hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Waliiangalia kalenda wakaona siku ya mapumziko.

"Sisi hapa ni wageni," ulisema. "Hatugongi mlango wa mtu. Lakini huu ni mlango wa wenzetu, huu tutaugonga."

Nilikutazama kwa udadisi ambao haujaniisha hadi leo. Wewe? Wewe uliyekuwa ukizima televisheni wanasiasa wakitokea, ukisema wanapoteza umeme? Baba anasema utotoni ulikimbia hata kuwa kiranja. Nani alikufundisha? Bi Thuraya ana maelezo yake. Anasema ni zile harusi ulizokuwa ukizipikia Tanga, sufuria kubwa kumi na wanawake arobaini, kila mmoja na ubishi wake. "Mtu aloweza kuwapa watu arubaini vitunguu wamenye, na wasigombane, huyo wazir," anasema. Mimi sina uhakika. Nimejaribu kukumbuka ulivyokuwa ukigawa kazi jikoni na ninachokumbuka ni kwamba hukuwahi kumwambia mtu afanye kitu. Ulikuwa ukisema kuna kitunguu kimoja kimebaki.

Ukampigia Mwenyekiti. Uliweka simu kwenye spika ili tusikie, ukajitanda kanga vizuri, kana kwamba angekuona. Mtu mwema yule, anaitikia simu ya kila mtu.

"Dada Mwanahawa, Ijumaa ni mapumziko kwa wote," akasema.

"Kwa wote kina nani, kaka?"

"Dada yangu, tatizo si siku. Kila mwaka tunatangaza. Akina mama wa majumbani hawajitokezi. Hawana mwamko."

"Mwamko wanao, baba. Wanaamka kabla ya adhana."

Bi Thuraya akaziba mdomo kwa mtandio. Mwenyekiti naye akacheka, haki yake. Akasema jambo hilo ataliweka kwenye ajenda ya kikao cha kuandaa uchaguzi, tuje tuseme wenyewe. Kikao Ijumaa ya wiki ijayo. Saa nane.

Ukanitazama mimi. Saluni hufungwa Ijumaa mpaka alasiri. Kwenye kundi zima ni mimi peke yangu niliyekuwa na saa nane yangu. Nikakuambia siwezi kusema mbele za watu, na juu ya hayo naona kama tunachanganya khitma na mambo ya uchaguzi, haifai.

"Marehemu kasomewa, hakusomewa?"

"Kasomewa."

"Msahafu umekamilika, haukukamilika?"

"Umekamilika."

"Basi na walio hai wana haki yao. Hebu lete hilo sufuria."

Hayo ndiyo maneno marefu ya mwisho tuliyosemezana, na yaliishia kwenye sufuria. Asubuhi moja ya wiki iliyofuata ulimpelekea Bi Thuraya uji wake, ukamwambia kichwa kinakugonga, ukakaa kwenye ngazi ya jikoni upumzike kidogo. Hukuinuka. Kabla ya magharibi ulikuwa umeshazikwa. Baba alitaka uletwe Tanga. Bi Thuraya akazungumza naye mwenyewe, akamwambia utalala karibu na jamaa zake yeye, na kwamba siku yake ikifika atawekwa jirani nawe, "tuendelee kugombana." Baba akakubali. Nilikukosha miguu, shangazi. Ule unyayo wa kushoto wenye kovu la kaa la moto, niliuosha mara nyingi kuliko inavyotakiwa na hakuna aliyenizuia.

Tukakusomea khitma sebuleni kwa Bi Thuraya. Wachache walipata ruhusa wakaja, wengine wakabaki kwenye simu. Wakanitazama mimi nigawe. Nikataja juzuu moja moja, kila mmoja akaitikia yake ya siku zote, na nilipofika mwisho nikabaki nimeduwaa. Zote thelathini zilikuwa na watu.

"Leo haikubaki hata moja," nikasema.

Mama mmoja wa Pangani akanyanyua uso. "Mimi niliingia kwa kuambiwa imebaki moja."

"Hata mimi," akasema mwingine.

"Mimi aliniambia marehemu atasononeka," akasema Zuhura, na hapo ndipo nilipomwona sura kwa mara ya kwanza, mfupi, mwenye mwanya.

Simu nazo zikaanza, moja baada ya nyingine, na mimi, na mimi. Bi Thuraya alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Na mimi! Nipo ndani ya nyumba yangu, mtu ananijia na sinia la kahawa, ananambia, Bibi, samahani, imebaki moja. Nkamwambia lete, nisije nkaulizwa!" Sebule nzima ikacheka, kwenye msiba wako, na nadhani hukuchukia. Kisha mtu akauliza, "Yeye mwenyewe alikuwa akisoma ipi?" Mmoja akasema ya tano, mwingine akaapa ilikuwa ya ishirini. Mimi nilikuwa na hakika sijui. Hatukuelewana, tukafungua misahafu tukasoma.

Ijumaa ikafika. Sikutaka kwenda, nakwambia kweli. Nilikwenda kwa sababu nguo nilikuwa nimeshaipiga pasi. Ukumbi wa kukodi Ruwi, juu ya duka la vitambaa, kiyoyozi kimoja kizima na kimoja kibovu. Watu wamependeza, wametoka kula. Nikakaa nyuma. Nilikuwa nimeandika hotuba, nayo ilikuwa nzuri, ina "ndugu Mwenyekiti" nyingi. Ajenda yetu ilipofika Mwenyekiti akakutaja, akaomba tukurehemu, ukumbi ukaitikia. Kisha akasema, "Marehemu alitaka tujadili siku ya uchaguzi. Lakini tuulizane ukweli, ndugu zangu. Kila mwaka tunawaita hawa akina mama. Wako wapi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anataka kujua, na mimi nikajikuta nataka kujua vilevile. Wako wapi saa hii? Nikaacha hotuba. Nikaandika kwenye kundi: Mwenyekiti anauliza mko wapi. Jibuni kama tunavyojibu khitma. Nikanyoosha mkono, nikaenda mbele, nikaomba maikrofoni, nikaweka simu karibu yake. Nikasema, "Samahani Mwenyekiti, umeuliza. Tusubiri kidogo."

Tukasubiri. Watu wakaanza kutazamana. Mtu akakohoa. Nilikuwa najiuliza kama wewe ungekuwa umefanya hivi au ungenicheka, ndipo simu ikalia.

"Juzuu ya ishirini na tisa. Mawaleh. Ndiyo kwanza naanza masufuria." Maji yanamwagika nyuma yake. Watu wakacheka kidogo.

"Juzuu ya saba. Ansab. Napanga matunda, wageni hawajaondoka."

"Juzuu ya kumi na mbili. Niko na watoto sita, si wangu. Wewe, shuka huko! Niko hapa."

"Juzuu ya ishirini na mbili. Napiga kanzu pasi, wanatoka jioni."

Zilikuja bila mpangilio, nyingine mbili kwa wakati mmoja. Moja ilikatizwa na filimbi ya sufuria la presha, na kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa. Kisha ikaja moja ya kunong'ona, tukalazimika kuinamisha vichwa. "Juzuu ya nne. Siwezi kusema kwa nguvu. Nipo." Baada ya hiyo hakuna aliyecheka. Wakaendelea kuitikia, mpaka ikaja sauti ambayo hata Mwenyekiti hakuitarajia: "Juzuu ya kumi na moja. Miye Thuraya, nipo Ansab. Mwanahawa hayupo, wanangu wamekuja kula, na leo mara ya mwanzo nnajua Ijumaa ina sahani ngapi. Nyinyi huko badilisheni hiyo siku."

Alitaja jina lake. Yeye jina lake linaweza kutajwa. Nikamalizia kwa mdomo wangu, "Juzuu ya thelathini, Al Khoudh. Niko hapa ukumbini." Nikarudisha maikrofoni.

Usidhani walisimama kupiga makofi. Walibishana. Mmoja akasema katiba, mwingine akasema kodi ya ukumbi, mwenye duka akasema Jumamosi yeye hafungi na nani atamwonea huruma yeye. Alikuwa na haki. Aliyegeuza mambo ni mama mmoja wa mstari wa mbele, mwalimu, amevaa gauni la kitenge zuri sana. Alisimama. "Mimi wangu nimemwacha jikoni," akasema. "Naye anatoka Singida. Sijawahi kumwambia kuna mkutano." Akakaa. Mume wake alikuwa anatazama viatu. Nilimwonea huruma na nilimpenda, na bado najiuliza walisemezana nini ndani ya gari. Baada ya hapo ubishi ulipungua. Wakaafikiana kwamba uandikishaji na sanduku la kura viwepo siku mbili, Ijumaa kama zamani, na Jumamosi tangu asubuhi hadi magharibi.

Ungeiona ile Jumamosi, shangazi! Walikuja wawili wawili, mtu na mwenza wake, na pale ambapo wote wawili hawakuweza kutoka kwa pamoja, mmoja alikwenda kumshikia mwenzake watoto, kisha wakabadilishana. Hakuna aliyewaambia, walijipanga wenyewe kama wakati wa khitma. Wengine waliletwa na mabosi wao, na Bi Thuraya akawa anawagawia tende mabosi hao kwenye gari lake, kiyoyozi kinanguruma. Mlangoni msajili alimwuliza Zuhura jina. Akasita. Akanitazama. Kisha akalitaja lote, lake, la baba na la babu, kwa sauti iliyotoka nje mpaka barabarani. Aligombea ujumbe wa kamati, akapita wa mwisho. Kapita lakini. Simu ya jumuiya sasa inakaa kwake siku za Ijumaa, na anaipokea kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine una povu.

Nina furaha, na kila furaha ikija natafuta namba yako. Nina maswali mengi. Ulijua tangu mwanzo kwamba ile khitma itatufikisha kwenye sanduku la kura, au ulikuwa unatafuta tu mtu wa kukuitikia jioni? Uliogopa? Ulipokuwa ukiniambia hata wewe utaiweza, ulikuwa unasema juzuu peke yake? Hakuna wa kunijibu, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini lile swali la kwanza nadhani nimelipatia jibu.

Jumamosi ileile, jua likikaribia kuzama, kulikuwa na binti amesimama kando ya ngazi, amevaa sare ya kazi, anatutazama na hasogei. Anaitwa Saumu. Ametoka Lushoto juzijuzi, yuko nyumba ya hapa hapa Al Khoudh, alikuwa amefuatana na bosi wake aliyeingia dukani kununua vitambaa. Nilimwona alivyonuna nikajiona mwenyewe. Nilitaka kumwambia habari ya jumuiya, kura, wenza, na yote yakakataa kutoka. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mdogo wangu, msahafu unasoma? Tuna khitma ya arubaini. Tumebakiwa na juzuu moja."

Akanitazama. "Nani amefariki?"

"Shangazi yangu," nikasema, na machozi yakanitoka palepale barabarani, kwa sababu sikuwa nimedanganya.

"Pole, dada," akasema. "Nipeni."

Nilipofika chumbani nikakaa kutafuta nitampa ipi. Zote thelathini zina watu. Nikazipitia tena. Kisha nikaandika: Saumu, wewe ni ya thelathini. Ni sura fupi fupi, hata wewe utaiweza. Nikabaki nimeikodolea macho ile simu, nikawaelewa wale waliokuwa wakiapa siku ya msiba wako, wa juzuu ya tano na wa juzuu ya ishirini. Wote walikuwa wanasema kweli: ile iliyokuwa ikibaki kila mara ilikuwa yako.

Jana baada ya alasiri, nikiwa na mkono wa mteja mapajani, piko nusu, simu ikalia. Sauti ndogo, ina hasira kidogo ndani yake: "Juzuu ya thelathini, tayari." Nikamwomba mteja radhi. Nikafuta vidole nikamjibu kabla wengine hawajaanza. "Karibu, Juzuu ya Thelathini."

Lala salama, shangazi. Mpishi wetu, Mungu akupe nafasi pana na watu wa kucheka nao. Bi Thuraya anasema usimpange karibu na wapika vibaya.

Mimi mtoto wa kaka yako, ambaye kwa sasa sina juzuu.